Ng'ombe wa Kweli, Malisho ya Ndotoni

Hotuba kwa wachoraji na wanafunzi wa sanaa, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, ndugu wachoraji, na ninyi vijana mliokaa chini kwa kuwa viti vimekwisha: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya uchoraji wa mandhari. Nadhani kamati ilitarajia nianze na majina makubwa: Turner, Constable, au Wafaransa wale wa mwanga na maji. Kamati inisamehe. Nimemchagua mtu ambaye wengi wenu hamjapata kusikia jina lake, na hata kwao Uingereza leo wanaolijua ni wachache. Anaitwa Thomas Sidney Cooper. Alizaliwa Canterbury tarehe 26 Septemba 1803, akafa tarehe 7 Februari 1902, mzee wa miaka 98. Na katika umri wote huo alichora ng'ombe. Kondoo pia alichora, mara nyingine ndani ya theluji, na mbuzi kidogo. Lakini hasa ng'ombe. Ng'ombe waliosimama, waliolala, wanaokunywa maji, wanaocheua. Watu wa zama zake wakambatiza Cooper wa Ng'ombe, na jina likamganda.

Nimemchagua kwa makusudi. Nusu ya waliomo humu ndani wanaishi kwa kuchora kitu kimoja, na simtaji mtu. Twiga wawili chini ya mbuyu. Tembo mbele ya Kilimanjaro. Wamasai watatu wembamba wenye shuka nyekundu, wametupa kisogo. Picha ya kwanza ilinunuliwa, mteja wa pili akataka ile ile, wa mia vilevile, na ada za shule zikalipwa. Kisha anakuja mtu mwenye miwani, msomi, anakwambia wewe si msanii, wewe ni mashine ya fotokopi. Cooper alichora ng'ombe kwa karibu miaka 70. Akatajirika kwa ng'ombe hao, akaheshimiwa kwa ng'ombe hao, na mwisho akasahauliwa kwa ng'ombe hao hao. Kesi yake inatuhusu. Na mimi naamini mashitaka anayosomewa siyo yanayomstahili; yapo mengine, makubwa zaidi.

Waanglikana mliopo mnaujua mji wa Canterbury kwa ajili ya Askofu Mkuu. Mji wenyewe si mkubwa. Uko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Mto Stour unaupitia, na mnara wa kanisa kuu unaonekana kutoka mbali ukiwa huko chini kwenye malisho ya bondeni. Cooper alizaliwa mtaa wa St Peter's. Baba aliitelekeza familia mtoto akiwa bado mdogo, mama akabaki na watoto watano na mzigo wa kuwalisha. Shule alisoma kidogo tu. Alipofika miaka 12 hivi akawekwa kwa fundi wa kupaka rangi magari ya farasi. Akipata nafasi alichora, na Askofu Mkuu wa wakati huo, Manners-Sutton, akamwona na kumtia moyo.

Msiipite haraka kazi hiyo ya magari. Gari la tajiri lilipakwa tabaka juu ya tabaka, likasuguliwa, likapigwa vanishi mpaka mtu aweze kujiona usoni. Na mistari myembamba ya pembeni ilivutwa kwa mkono mtupu, bila rula. Baadaye kijana akaingia kwenye kazi za jukwaa, akichora mandhari ya maigizo, miongoni mwa sehemu nyingine huko Hastings pwani. Huko unafundishwa kinyume chake: brashi pana, kazi ya haraka, kitu kionekane kutoka kiti cha nyuma. Wenzangu mliopita kwenye kuandika mabango na kupaka bodi za malori, huyu ni ndugu yenu. Nikitazama ngozi ya ng'ombe wa Cooper, ule mng'ao wa manyoya yaliyolala vizuri juu ya mbavu, namwona kijana wa magari. Nikitazama mawingu yake, mara nyingi namwona mtu wa jukwaani, tena mwenye haraka ya kwenda kula.

Mwaka 1823 akaenda London, akachora sanamu kwenye jumba la makumbusho la British Museum, akakubaliwa katika shule ya Royal Academy, ile akademia ya kifalme ya sanaa. Lakini mjomba aliyemfadhili hakuweza kuendelea, kijana akarudi Canterbury kufundisha kuchora. Mnaijua hadithi hiyo. Kisha mwaka 1827 akavuka bahari na rafiki yake kwenda bara la Ulaya, mfukoni hakuna kitu, wakijilipia malazi kwa kuchora sura za wenye nyumba za wageni. Hivyo hivyo, kitanda kwa picha, chakula kwa picha, mpaka Brussels.

Brussels ndiko alikogeuka kuwa Cooper tunayemzungumzia. Alikutana na Eugène Verboeckhoven, mchoraji wa Ubelgiji aliyekuwa hodari wa wanyama, na kwa kupitia kwake akawafikia Waholanzi wa karne ya 17. Hapo naomba tukae kidogo, maana bila Waholanzi hao hakuna Cooper.

Mwaka 1647 kijana aitwaye Paulus Potter, umri wake miaka 21, alichora fahali. Fahali mmoja, pamoja na ng'ombe, kondoo na mchungaji pembeni. Picha yenyewe ina upana wa zaidi ya mita 3 na kimo cha zaidi ya mita 2. Fikirini jambo hilo. Ukubwa ule ulikuwa wa kuchorea wafalme, vita na watakatifu. Potter akaujaza kwa fahali mwenye nzi mgongoni. Picha ikawa maarufu kiasi kwamba majeshi ya Ufaransa yalipoiteka Uholanzi mwaka 1795 yaliibeba mpaka Paris, ikakaa Louvre, ikarudishwa mwaka 1815. Leo iko kwenye makumbusho ya Mauritshuis, mjini The Hague, Uholanzi. Mtu aliyekulia na mifugo akiitazama kwa makini ataanza kuguna, kwa sababu mwili wa fahali yule haukubaliani na umri mmoja. Kuna sehemu za fahali kijana na sehemu za fahali aliyekomaa. Potter alichora michoro midogo ya wanyama mbalimbali, kisha akawaunganisha kuwa mnyama mmoja. Fahali yule hakupata kuzaliwa popote, na bado ukisimama mbele yake unaona kama anapumua. Potter alikufa kabla hajatimiza miaka 30.

Mholanzi wa pili ni Aelbert Cuyp wa Dordrecht. Kwa Cuyp ng'ombe ni sababu tu ya kuchora jua la jioni: wamelala kando ya mto, na mwanga wa dhahabu unawapita migongoni. Matajiri wa Kiingereza walimpenda Cuyp kupita kiasi, wakanunua picha zake kwa wingi. Cooper akaja akachukua mwili kwa Potter na mwanga kwa Cuyp, akavipeleka Kent. Simlaumu. Kila mmoja wetu amechukua mahali.

Agosti 1830 mapinduzi yakaanza Brussels, Wabelgiji wakijitoa chini ya mfalme wa Uholanzi. Wanafunzi wa kuchora wakatoweka, na Cooper, sasa ana mke, akarudi London kuanza upya. Alichora michoro ya kuchapwa kwa jiwe ili apate mkate, na akawa anakwenda Regent's Park kuchora ng'ombe waliokuwa wakilishwa humo. Mwaka 1833 picha yake ikaingia kwenye maonyesho ya Royal Academy. Tangu mwaka huo hadi 1902, mwaka aliokufa, hakuna maonyesho ya kila mwaka ya Royal Academy yaliyokosa kazi ya Cooper. Hata mmoja. Jumla ni zaidi ya picha 260. Mwaka 1845 akachaguliwa kuwa mwanachama mshiriki, na mwaka 1867 mwanachama kamili. Ndugu zangu, kuna watu humu ambao maonyesho mawili mfululizo yamewashinda, nami nimo.

Aliyemnyanyua kifedha alikuwa Robert Vernon, mtu aliyepata utajiri kwa kuliuzia jeshi farasi wakati wa vita vya Napoleon, kisha akazimalizia pesa hizo kwenye picha za Waingereza wenzake. Mwaka 1847 Vernon aliupa umma mkusanyo wake. Cooper alipojenga nyumba yake Harbledown, nje kidogo ya Canterbury, aliiita Vernon Holme, kwa heshima ya mfadhili. Naipenda sana tabia hiyo. Sisi wateja wetu wa kwanza huwa tunawasahau mara tu tukipata wa pili.

Sasa tuje kwenye ng'ombe mwenyewe.

Mtu akikwambia ng'ombe ni rahisi kuchora, mpe penseli umpeleke zizini. Farasi ana mistari. Misuli yake inajieleza. Ng'ombe ni tumbo kubwa lililotundikwa kwenye mifupa ya nyonga, ngozi imelegea hapa, imevutwa kule, na hatulii mpaka alale. Na akilala ndipo mtihani unaanza, kwa sababu miguu ya mbele inakunjwa chini ya kifua kwa namna ambayo macho hayaamini. Akiinuka anainua makalio kwanza, magoti ya mbele yakiwa bado chini. Mchoraji asiyemjua humwinua kama farasi, mbele kwanza, na mfugaji yeyote atacheka. Cooper hakosei hapo. Nyonga ziko mahali pake. Kiwele kina uzito wa maziwa. Ng'ombe mzee ana mgongo ulioanza kubonyea, mtamba bado ana mgongo ulionyooka. Anayecheua unaiona taya imekwenda upande. Hata macho: yale macho makubwa, yenye maji, yanayokutazama bila kukutilia maanani.

Hayo yalitokana na michoro ya penseli na rangi ya maji, mingi mno, aliyoichora akiwa mbele ya mnyama. Picha kubwa ya mafuta ilitengenezwa studio. Na hapa kuna bahati ya zama zake: mwaka 1841 Mmarekani aliyekuwa London, John Goffe Rand, alibuni tyubu ya bati ya kuhifadhia rangi. Kabla yake rangi ya mafuta ilifungwa kwenye vibofu vya nguruwe, ukitoboa inavuja au inakauka. Tyubu ziliwatoa wachoraji wengi nje, wakapake rangi za mafuta mbele ya mandhari yenyewe. Cooper hazikumtoa. Alibaki na desturi ya Potter: mchoro nje, rangi ndani. Nafikiri ndiyo maana ng'ombe wake wana uhai kuliko nyasi wanazokanyaga. Ng'ombe walitoka zizini, nyasi zilitoka kichwani.

Kuna nyakati alikiri kwa vitendo kwamba nyasi si kazi yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 alishirikiana na Frederick Richard Lee, mchoraji wa mandhari kutoka Devon: Lee anachora miti, mto na anga, anaacha nafasi, turubai inakwenda kwa Cooper naye anaweka ng'ombe. Alifanya hivyo na Thomas Creswick pia. Picha moja, mikono miwili, na wanunuzi walifurahi kupata mabingwa wawili kwenye fremu moja. Pale kwetu, kwenye vibanda vya Tingatinga, mmoja anapopaka rangi ya nyuma ya picha na mwingine anaweka madoadoa, kuna watu wanaona aibu kusema. Msione aibu. Wanachama wa Royal Academy walifanya hivyo mchana kweupe.

Mwaka 1848 Malkia Victoria alimwita kwenye kasri lake la Osborne, kisiwa cha Wight, amchoree ng'ombe. Si mwanawe, si mume wake: ng'ombe jike wa Jersey. Picha ipo hadi leo katika mkusanyo wa kifalme. Jersey hao hao, ndugu zangu, wanakamuliwa Njombe na Kiambu asubuhi hii, maana walowezi na mashirika ya maziwa waliwaleta Afrika Mashariki pamoja na Friesian na Ayrshire. Kwa hiyo sura ya ng'ombe wa Malkia haitawashangaza.

Mara moja alijaribu kutoroka. Mwaka 1847 kulikuwa na mashindano ya picha za historia kwa ajili ya jengo jipya la Bunge, Westminster. Cooper akapeleka picha kubwa sana ya vita vya Waterloo, wapanda farasi wa Ufaransa wakishindwa. Haikushinda. Akarudi kwa ng'ombe, na mwaka 1874 akaonyesha labda jibu lake kwa waliomcheka: fahali mkubwa amesimama peke yake, katengwa na kundi lake, kwenye turubai ya ukubwa wa kifalme. Jina la picha, kwa Kiswahili chetu, ni Wametengana lakini Hawajapeana Talaka. Iko Beaney, makumbusho ya Canterbury. Mzee alikuwa na utani.

Basi shitaka linalosomwa kila siku ni kwamba alirudiarudia. Kweli, alirudia. Kilima kidogo mbele, upeo wa macho chini, ng'ombe mmoja kasimama ubavu, mmoja kalala, mmoja anakutazama, maji kidogo, anga kubwa. Ukiziona kumi unaweza kuichora ya kumi na moja bila kuiona. Lakini Potter naye alirudia. Wachoraji wa China walirudia mianzi kwa karne nyingi na hakuna anayewaita fotokopi. Mimi kurudia hakunisumbui.

Kinachonisumbua ni kile alichokiacha nje ya fremu.

Sikilizeni. Mwezi ule ule wa Agosti 1830, Brussels ilipoanza kuwaka, vibarua wa mashambani walivunja mashine ya kupuria nafaka usiku, huko Lower Hardres, kilomita chache kutoka Canterbury. Mashine ilikuwa imewanyang'anya kazi ya majira ya baridi, na familia zao zilikuwa na njaa. Moto huo ukaenea kusini yote ya Uingereza. Watu wakanyongwa, mamia wakasafirishwa uhamishoni Australia. Mwezi Mei 1838, katika msitu wa Bossenden, baina ya Canterbury na Faversham, vibarua wengine waliomfuata mtu aliyejitangaza kuwa masihi walipigwa risasi na askari. Haya yote ni ndani ya Kent ya Cooper, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka kwenye malisho anayotuonyesha yakiwa yametulia, na mchungaji, kama yupo, yuko mbali, mdogo kama kichuguu.

Reli? Njia ya treni kutoka Canterbury hadi Whitstable ilifunguliwa Mei 1830, miongoni mwa za kwanza duniani kubeba abiria. Katika picha zake nilizopata kuziona, moshi wa treni sijauona. Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza watu wa mijini Uingereza walikuwa wengi kuliko wa vijijini. Na hao wa mijini ndio waliomnunua: wenye viwanda, wenye mabenki, wafanyabiashara ambao babu zao waliswaga ng'ombe na wao wenyewe hawajakanyaga samadi. Walitaka kitu cha kutundika sebuleni kinachosema kwamba nyumbani bado kupo, bado kijani, na hakuna aliyekufa njaa.

Na ng'ombe wenyewe walikuwa wanakwenda wapi? Smithfield. Hadi mwaka 1855 soko la ng'ombe hai la London lilikuwa katikati ya jiji, na kila mwaka ng'ombe zaidi ya 200,000 waliswagwa barabarani kwa fimbo zenye ncha, kati ya magari na watoto, mpaka minadani na machinjioni. Ndipo soko likahamishiwa Islington. Fikirini mchoraji wa ng'ombe anayeishi London, mwenye mkono kama ule, na Smithfield iko mbele yake. Angetuachia nini!

Mtu atasema zama zake hazikuruhusu. Hapana, ziliruhusu. Mwaka 1849, Paris, mwanamke aitwaye Rosa Bonheur alionyesha picha ya maksai wakilima huko Nivernais, iliyoagizwa na serikali ya Ufaransa. Maksai wanavuta. Shingo zimeinama, udongo umepinduliwa na unang'aa kwa unyevu, mswagaji yuko na fimbo yake. Ni picha ya jua na ya uzuri, haina siasa ya kupiga kelele, lakini ng'ombe wana kazi na ardhi ina mtu. Cooper mwenyewe alikuwa na njia hiyo mkononi: miaka ya 1830 alichora ua wa shamba karibu na Canterbury wakati wa kukamua, na ndani yake kuna watu, kuna kazi, kuna uchafu wa zizi. Picha hiyo ilipitia kwa Vernon ikaingia mikononi mwa taifa. Baada ya hapo ua wa shamba ukazidi kufifia na kilima chenye mwanga kikazidi kukua. Soko lilipiga kura, naye akahesabu kura vizuri.

Halafu ikaja sotoka. Mwaka 1865 ugonjwa uliingia Uingereza na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka Bahari ya Baltiki, ukaanza kwenye mazizi ya maziwa ya London, ukasambaa. Mamia ya maelfu ya ng'ombe walikufa au walichinjwa. Mwaka 1866 Bunge likapitisha sheria ya kuwachinja wote walioambukizwa. Wafugaji walifilisika, maziwa yakaadimika mjini. Cooper alikuwa na miaka 62, yuko kwenye kilele chake. Mwaka uliofuata akapewa uanachama kamili wa Royal Academy, kwa ng'ombe wenye afya.

Nitatoka nje ya mada dakika moja, mwenyekiti utanivumilia. Sotoka hiyo hiyo iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na ilipofika kwenye malisho ya Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliwaacha bila kitu; njaa na ndui vikafuata, na wao wenyewe wakazipa zama hizo jina la Emutai, maangamizi. Chanjo iliyoimaliza iliboreshwa na daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, akiwa Muguga, jirani na Nairobi, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka haipo tena. Nalitaja hili kwa sababu wale Wamasai watatu mnaowachora wametupa kisogo wana wajukuu, na wajukuu hao wana hadithi za ng'ombe ambazo hazijapata mchoraji. Nami nimeishazitazama picha nyingi za Mmasai na ng'ombe wake zinazouzwa mjini hapa. Ng'ombe ni kivuli chenye pembe. Nundu haina uzito. Sisi tumefanya kosa la Cooper na tumeongeza la kwetu: malisho ni ya ndotoni, na ng'ombe pia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na mwaweza kuipinga wakati wa maswali. Ng'ombe wa Cooper hawadanganyi. Ukikata rufaa kwa mfugaji yeyote, wa Kent au wa Simiyu, utashinda. Malisho yake ndiyo yanayodanganya, na yanadanganya kwa faida.

Lakini nisimwache bila kumtendea haki katika jambo moja, tena kubwa. Alipopata pesa alinunua nyumba aliyozaliwa, mtaa wa St Peter's, pamoja na za jirani, akajenga hapo jumba la picha na shule ya sanaa, kwa kumbukumbu ya mama yake. Mwaka 1882 akaukabidhi mji wa Canterbury, kwa sharti kwamba watoto wa mafundi na wa watu wa chini watozwe ada ndogo tu. Shule ile ilimfunza Mary Tourtel, ambaye mwaka 1920 alianza kuchora gazetini dubu mdogo Rupert, kipenzi cha watoto wa Uingereza kwa vizazi. Jengo lipo bado na lina jina lake. Mtoto aliyeachwa na baba, aliyejifunzia kwenye milango ya magari ya farasi, hakutaka mwingine apite njia ile ile kwa kukosa mwalimu. Wangapi kati yetu, tukiuza picha vizuri, tumenunua hata meza ya kuchorea kwa ajili ya mtoto wa jirani?

Uzeeni heshima zilimfuata. Mwaka 1890 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, mwaka 1901 Mfalme Edward VII akampa nishani. Watu wa kughushi walikuwa wanatengeneza picha za Cooper na kuziuza kwa jina lake, naye mzee akiletewa picha aitambue kama ni mtoto wake. Kisha karne ikageuka, ladha ikageuka nayo. Wanunuzi wakataka kitu kingine, bei za picha za zama za Victoria zikaanguka, na makumbusho mengi yakawateremsha ng'ombe ukutani yakawapeleka stoo.

Nimemaliza na historia. Lililobaki ni tangazo. Mwalimu wa darasa la michoro amekubali kwamba Jumamosi ijayo hatutakutana hapa. Tutakutana mnada wa Pugu, alfajiri, ng'ombe wanaposhushwa kutoka mikoa ya bara. Penseli tu na karatasi, rangi ziacheni nyumbani. Vaeni viatu vya kukanyagia tope. Ombeni ruhusa kwa wenye ng'ombe kabla ya kuanza, na wasalimieni wazee kwanza, maana wale ni watu wa kazi na sisi tutakuwa tumesimama kwenye njia yao. Mchoreni ng'ombe anayeshuka kwenye lori, si aliyetulia. Mchoreni pia dalali, na kijana wa fimbo, na mama wa supu. Anayetaka kwenda ajiandikishe kwa katibu pale mlangoni. Nauli kila mtu yake.

Sasa maswali. Dada wa nyuma kule, naona mkono wako umeinuka tangu nilipowataja twiga.